Kiti cha Mbele cha Mzee Ambokile

Watu husema wanawake wa Kinyakyusa hatuna woga. Sikatai. Nimewahi kumfokea kondakta pale Nyololo mpaka abiria wakashangilia, kisa alitaka kuitupia viola yangu kwenye buti pamoja na viroba vya viazi. Nikamwambia, hicho unachokishika kama kuku wa kuchinjwa kina thamani kuliko basi lako. Basi lilikuwa jipya, lakini hasira haina mizani.

Pamoja na ukali wote huo, lilikuwepo jambo moja lililonishinda kulisema, nalo lilikuwa na maneno mawili tu. Nampenda Sifaeli. Kila Jumamosi nilikaa pembeni yake, goti langu na lake karibu kugusana, tukapiga muziki, tukakunja stendi za manota, nikaenda zangu kupika ugali na kula peke yangu. Kondakta ninamweza. Sifaeli sikumweza.

Tulikuwa wanne, sote tunaishi Iringa mjini. Crispin, Mhehe wa Idodi, ndiye wa vayolini ya kwanza, na anauza simu. Mdomo wake haupumziki dukani wala mazoezini. Eveline, Mbena, wa vayolini ya pili, anafanya kazi duka la dawa; yeye husema mara chache, na akishasema, limekwisha. Sifaeli, Mnyakyusa mwenzangu na fundi umeme, alipiga selo, ile kubwa inayosimama katikati ya magoti. Mimi Tupokigwe, Tupo kwa wenzangu, mwalimu wa chekechea, nilipiga viola, ambayo ni vayolini iliyonenepa kidogo na isiyosifiwa na mtu. Vyombo vililetwa kanisani na wageni, mwalimu akatufundisha, akarudi kwao, nasi tukabaki navyo. Crispin alipenda kuwaelezea watu kwamba huu ni muziki uliotungwa upigwe sebuleni, kwa watu wachache, kwa utulivu. Kati yetu hakukuwa na mwenye sebule ya kuingia viti vinne.

Sasa nikuambie habari za kiti.

Baba yake Sifaeli, Mzee Ambokile, ni mkulima wa viazi huko Isongole, kwetu Rungwe, juu kabisa, ambako ukungu unaingia hadi jikoni. Kwa miaka mingi aliongoza matarumbeta ya usharika wao. Matarumbeta ya Mzee Ambokile yalikuwa yakianza mlima mmoja, watu wa mlima wa pili wanajua leo kuna harusi, au kuna msiba. Alitaka mwanawe arithi lile tarumbeta kubwa la besi. Sifaeli akalipuliza mpaka kidato cha nne, kisha akaja Iringa kusomea umeme, akakutana na selo, na ikawa basi tena.

Mzee hakumlaani. Ingekuwa heri angemlaani, maana laana huombewa ikatoka. Yeye alisema tu, "Muziki wa kukwaruza hauwafikii hata waliokaa nyuma kanisani, Mungu ataupataje?" Kisha akarudi kwenye viazi vyake. Hajawahi kuja kumsikiliza.

Kila tulipokuwa na onyesho, Sifaeli alikuwa akimpigia simu. Kila onyesho alikuwa akivua koti lake na kulitandika juu ya kiti kimoja cha mbele, mtu asikikalie. Watu wakijaa hadi wengine wanasimama, kile kiti kinabaki na koti. Akiulizwa anasema, "Mzee yuko njiani." Onyesho likiisha anakwenda anachukua koti, analikung'uta kama lina vumbi, anavaa. Sisi watatu tulijifunza kuangalia pembeni wakati huo. Mimi nilikuwa nikienda nyumbani nalia, nakuambia ukweli. Nilimlilia yeye na nilijililia mwenyewe, maana yeye alikuwa na mtu wa kumngoja na mimi nilikuwa namngoja yeye, na hakuna aliyekuwa anafika.

Ndipo usharika mmoja wa Mbeya ukatualika. Jumapili, baada ya ibada ya pili, mchana. Kutoka Isongole hadi Mbeya mjini si safari ya kuagana na mtu. Kisingizio cha umbali kikawa kimekufa.

"Amesemaje?" nilimwuliza Sifaeli baada ya kupiga simu.

"Amesema ataona."

"Ataona nini?"

"Ataona tu. Tupo, baba akisema ataona, hajakataa. Akikataa huwa anakata simu."

Alikuwa anacheka, na mimi sikuwa nimemwona akicheka hivyo. Usiku wa kuamkia safari tulifanya mazoezi ya mwisho. Kile kipande chetu cha polepole, cha bwana mmoja wa Vienna aliyekufa zamani sana, selo ndiyo inayoongoza, sisi wengine tunaisindikiza. Alikipiga mpaka Eveline akaweka upinde chini na kumtazama.

"Na asipokuja?" Eveline akauliza. Nilisema, yeye akisema limekwisha.

Sifaeli akafikiri. "Asipokuja safari hii, narudisha selo kanisani. Siwezi kukipigia kiti maisha yangu yote."

Crispin akajaribu utani, "Basi na mimi nitarudisha mdomo," lakini hakuna aliyecheka. Tulimjua Sifaeli. Akirudisha selo, kundi letu la wanne limekufa, na Jumamosi zangu zimekufa nayo. Nikalala nikiomba kama mtu mwenye mgonjwa. Mungu wangu, mlete yule mzee. Mlete hata kwa kumburuta.

Hapa lazima nikueleze kitu cha kwetu, maana bila hicho utaniona chizi.

Kwetu Rungwe, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima, na tunaiita kutila. Mkamwana halali wala hakai nyumba moja na baba mkwe, hampi mkono, hamtazami usoni. Akikutana naye njiani anaingia kwenye migomba, anampa mgongo, anajifunika nguo kichwani mpaka mzee apite. Na mzee naye, akiwa na adabu, anageuza njia ili asimtaabishe binti. Hilo halingoji harusi. Linaanza pale tu msichana anapochumbiwa. Siku hizi wengi wameacha. Wachungaji wanalikemea madhabahuni, na binamu zangu wa mjini wanapanda gari moja na baba wakwe zao, wanapokezana chipsi. Mimi mwenyewe nilikuwa nacheka desturi hiyo, nawasimulia akina Crispin kama kichekesho.

Lakini nililelewa na bibi. Nimemwona mama yangu, na ndoo ya maji kichwani, akijitupa kwenye migomba kama aliyekanyaga siafu, kwa kuwa babu ametokea kwenye kona. Ukishaona hivyo ukiwa mdogo, kinakaa mwilini, kinakusubiri humo. Na jambo jingine: kwa Sifaeli nilikuwa nimekwisha kujioza mwenyewe kimyakimya. Mahari ilishalipwa, kadi zilishachapwa, yote kichwani mwangu. Bwana harusi peke yake ndiye hakuwa na habari.

Jumapili ile kanisa lilijaa. Mvua ya Mbeya ilikuwa imening'inia tangu asubuhi bila kuamua. Mwenyeji wetu alikuwa Mama Esnath, mwenyekiti wa umoja wa wanawake, Mnyakyusa mwenzangu, mama mpana mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya mto. Alitupangia viti mbele ya madhabahu kwa nusu duara. Kwa kuwa mimi hukaa mwisho wa kulia, kiti cha Sifaeli chenye koti kikaangukia mbele yangu kabisa. Ningenyoosha mguu ningekigusa.

Tulikuwa tunalinganisha nyuzi. Sifaeli aliinamisha kichwa, sikio kwenye shingo ya selo, macho amefumba, maana kanisani kulikuwa na kelele. Mlango mkubwa ukafunguliwa. Akaingia mzee mrefu, koti la mvua hadi magotini, mabuti ya shambani, kofia mkononi. Nilikuwa namjua kwa picha iliyoko kwenye simu ya Sifaeli. Moyo wangu ukapiga kelele: amekuja! Amekuja, amekuja, jamani, amekuja!

Mama Esnath akamdaka mlangoni, akamleta mbele akimshika mkono. "Karibu, Mzee Ambokile! Mwanao amekuwekea kiti!"

Sikufikiri. Ningefikiri ningekaa. Nilishtukia viola iko sakafuni, mtandio umefunika kichwa changu chote, nimechuchumaa nyuma ya kiti changu, nimewapa mgongo mzee na kanisa zima. Nilikuwa natazama miguu ya stendi ya manota. Niliyasikia mabuti yakija, yakija, yakasimama.

Kanisa likanyamaza, vile linavyonyamaza mchungaji akisahau neno. Kisha, kutoka upande wa akina mama, sauti moja ikasema, "Kumbe!" Na nyingine, huko nyuma kabisa, ikapiga kigelegele kifupi, kikakatwa, nadhani jirani yake alimfinya. Wasafwa na Wandali na wengine waliokuwemo wakawa wanauliza kuna nini. Wanyakyusa hawakuuliza. Wao walikuwa wameona mkamwana amekutana na mkwe wake.

Mabuti yakageuka. Nikayasikia yakirudi mlangoni, taratibu, na mlango ukafungwa.

Hapo ndipo Sifaeli alipoinua kichwa na kufumbua macho. Alichowahi kukiona ni mgongo wa baba yake ukitoka.

"Baba," akasema. Alisema kwa sauti ya chini sana. Mimi peke yangu ndiye niliyeisikia.

Kisha akaniona naibuka kutoka chini. "Umeangusha nini?"

"Ulimbo wa kupaka upinde," nikasema.

Usiniulize kwa nini. Watu kama mia tatu walikuwa wanatutazama, Crispin alikuwa ameshainua upinde, na mimi ningesema nini? Ningesema, samahani, nimemfukuza baba yako kwa kuwa nimejifanya mke wako? Crispin akavuta pumzi puani, ile ishara yetu ya kuanza, na tukaanza.

Tulipiga vibaya. Eveline alishikilia, Mwenyezi Mungu ambariki, lakini Sifaeli alikuwa anapiga manota tu, macho kwenye mlango, na mlango haukufunguliwa. Katikati ya kipande cha pili mvua ikaamua. Ikaja yote kwa pamoja juu ya bati, na bati la kanisa lile halina dari. Waliokaa nyuma wakaanza kuinamisha vichwa mbele ili wasikie. Mimi nilikuwa napiga huku nalaani. Nimwombe Mungu usiku kucha amlete, Mungu amlete, halafu mimi nimtoe? Kwani nilikuwa nani wa kutila? Nani amenichumbia? Nilitaka yule mzee arudi kuliko nilivyowahi kumtaka Sifaeli mwenyewe, na hilo sikudhani linawezekana.

Wakati wa mapumziko tuliingia chumba cha kwaya. Akina mama walikuwa wametuwekea chai ya maziwa na maandazi. Sifaeli hakugusa. Alikaa akawa analegeza upinde wake, anaufuta, anaulaza ndani ya sanduku kama mtu anayemaliza kazi.

"Amefika hadi mbele," akasema. "Ameniona, akageuka. Afadhali asingekuja kabisa."

"Sifaeli," nikaanza.

"Tumalizie sehemu ya pili, tumeahidi watu. Ila kesho narudisha selo. Crispin, utafute mtu mwingine."

"Nimtafute wapi?" Crispin akasema, andazi mkononi. "Kwani wapiga selo wanauzwa sokoni kama mbuzi?"

"Sifaeli, nisikilize. Sikuangusha ulimbo."

Mlango ukafunguliwa, Mama Esnath akaingia amelowa mabega. Alifunga mlango nyuma yake, akanitazama kwanza mimi, kisha Sifaeli.

"Mwanangu," akamwambia, "baba yako hajaondoka. Yuko nje, upande huu wa dirisha la mbele, amesimama ukutani tangu mlipoanza. Hakukukimbia. Amempisha mkamwana wake."

"Mkamwana gani?" akauliza Crispin, Mhehe wa watu.

Mama Esnath akanionyesha kwa kidevu.

Mimi nilitamani sakafu ya kanisa la Mungu ifunguke inimeze na viola yangu. Eveline akaweka kikombe mezani polepole sana.

"Sasa mzee amenituma," Mama Esnath akaendelea, na sauti yake kubwa ilikuwa imeshuka. "Anasema hivi. Huko nje hasikii kitu isipokuwa bati. Kama huyu binti ni wako, atabaki hukohuko, kwa sababu hawezi kuingia alipo mkamwana wake. Anasema yeye ni mtu wa zamani, mumsamehe. Lakini kama si wako, kama ni mtoto wa watu aliyejikwaa tu, basi ataingia, atakaa kwenye kiti ulichomwekea, amsikilize mwanawe. Anasema hicho ndicho kilichomleta. Amevaa na shati la sikukuu ndani ya lile koti, nimeliona. Anataka jibu lako."

Nikaruka kabla yake. "Mwambie aingie! Mama, shikamoo, nakuomba, mwambie aingie. Mimi si mtu wake. Hajanichumbia, hajanitamkia, hajui chochote. Nilijikwaa. Mwambie nilijikwaa."

"Ulijikwaa ukajifunika mtandio?" Mama Esnath akaniuliza.

"Ndiyo!"

Sifaeli alikuwa ananitazama. Sijui nieleze vipi. Miaka yote ile alikuwa ananitazama kama mtu anavyotazama manota ya mwenzake, kujua tumefika wapi; sasa alikuwa ananitazama mimi. "Tupo," akasema. "Ulitila kwa baba yangu?"

"Ni mwili tu. Sikukusudia."

"Mbele ya watu wote wale?"

"Nimesema sikukusudia! Unataka niseme mara ngapi?" Nikaanza kulia kwa hasira, na mimi nikilia kwa hasira maneno hutoka yenyewe. "Nakupenda, basi! Nakupenda tangu lini sijui. Umefurahi? Lakini hilo si la leo. Leo ni la baba yako. Nenda kamwambie huyu binti ni kichaa, simjui, aingie akae, umpigie kile kipande. Nenda, bwana!"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Macho yako yalikuwa kwenye kiti."

Hilo lilimpata. Nililiona likimpata na nikajuta, lakini lilikuwa limeshatoka. Akainuka akaenda mlangoni, akaufungua kidogo. Sauti ya mvua ikaingia chumbani pamoja na baridi. Alisimama pale, mkono mmoja kwenye kitasa. Crispin alifungua mdomo na Eveline akamkanyaga mguu. Nilijua anachofikiri kwa sababu nilikuwa nakifikiri mimi pia: neno moja tu, si wangu, na yule mzee angekuwa mbele yake, amekaa, anasikia. Kitu alichokitaka miaka yote ile kilikuwa nyuma ya ukuta. Na neno lenyewe lilikuwa karibu kuwa kweli. Asingekuwa anasema uongo hata kidogo.

Akageuka.

"Mama," akamwambia Mama Esnath, "kamwambie baba abaki nje."

"Sifaeli!" nikapiga kelele.

"Mvua hiyo, mwanangu," Mama Esnath akasema. "Hatasikia kitu. Una hakika?"

"Kamwambie abaki nje." Akaachia kitasa. "Mpeni mwavuli. Na kiti."

Mama Esnath akasema, "Ndaga, mwanangu, ndaga fijo," asante kwa Kinyakyusa, akatoka. Tukamsikia akipita uani anaita kijana alete kiti. Sifaeli akarudi kwenye sanduku, akautoa upinde, akaanza kuukaza. Alipopita mbele yangu aliinama, akaurudisha mtandio wangu uliokuwa umeanguka begani, akaniwekea sawa kichwani, kama avaavyo mkamwana akiwa karibu na mkwe wake.

Tuliporudi mbele, kanisa zima lilikuwa linajua. Siri ya Wanyakyusa haina mlango. Vichwa vyote vilikuwa vimegeukia lile dirisha la mbele, la kioo kimoja kikubwa, upande wa kulia. Na mimi, ambaye nilikuwa nataka kujua kuliko wote pale, nilikuwa mtu peke yake kanisani asiyeruhusiwa kutazama. Nikakaza macho kwenye manota.

Sifaeli alishika kiti chake, akakigeuza. Hakuelekea watu wala kile kiti chenye koti. Alielekea dirisha. Crispin akamtazama, akaelewa, naye akageuza chake, akampisha sauti. Tukaanza kile kipande cha polepole.

Sijawahi kumsikia Crispin akipiga kwa sauti ndogo. Siku ile alipiga kwa kutumia nywele chache tu za upinde, mpaka nikadhani ameacha. Eveline akashuka naye. Mimi nikashuka chini yao wote, nikabaki kama mtu anayepumua. Tulimwachia Sifaeli nafasi yote. Na bati juu yetu likazidi kunguruma, na yeye akazidi kusukuma, mkono mzima, bega zima, akiipigia selo ipite kwenye kioo, ipite kwenye mvua, imfikie. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi ile. Mara moja uzi ulikwaruza, ule ukwaruzaji ambao baba yake aliusema, na hakujali. Akina mama wa mbele walikuwa wanalia waziwazi. Mimi nilimtazama yeye tu usoni, nikitafuta humo habari za mzee. Alikuwa anatazama dirishani bila kupepesa, na uso wake haukuniambia lolote. Nilitamani hata atabasamu nijue. Hakutabasamu.

Tulipomaliza, watu hawakupiga makofi mara moja. Walingoja. Nadhani walikuwa wanangoja kitu kitoke dirishani. Hakikutoka, na ndipo wakapiga makofi, na vigelegele safari hii havikukatwa na mtu.

Mama Esnath alitufuata chumba cha kwaya tukiwa tunafunga masanduku. Mvua ilikuwa bado inapiga, ilibidi aseme kwa sauti yake yote.

"Mzee amewahi gari la Isongole. Hakutaka kukutana na binti mlangoni." Akanigeukia, akaniinamishia kichwa kwa heshima, mimi, niliye sawa na binti yake. "Amesema Sifaeli aende nyumbani na mshenga, mambo yafuate njia. Na amesema nimwambie mwanawe kwamba amesikia yote."

"Haiwezekani," Eveline akasema. Alisema bila ubaya, kama anavyomwambia mteja kwamba dawa hiyo haipo. "Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake na sehemu nyingine sikusikia."

Sifaeli alikuwa anaifunga selo sandukuni, kifungo kimoja baada ya kingine. Akamwuliza Crispin, "Jumamosi mazoezi ni saa tisa au saa kumi?"

"Saa tisa," Crispin akasema haraka, asije akabadili mawazo.

Wengine walipotoka nikabaki naye. Nilikuwa na haki ya kuuliza mambo mengi siku ile, juu yangu na juu yake, lakini kilichonitoka ni kile kilichokuwa kinaniwasha tangu mwanzo. Maisha yangu yote sitaruhusiwa kumwona yule mzee akimsikiliza mwanawe, na nilitaka angalau kusimuliwa.

"Uso wake ulikuwaje?" nikamwuliza. "Alipokuwa anakusikiliza?"

"Sikuuona."

"Si ulikuwa unamtazama muda wote?"

"Alikuwa amelaza sikio kwenye kioo," Sifaeli akasema. "Mwavuli alikuwa ameutupa chini. Nimeona sikio tu, Tupo, tangu mwanzo mpaka mwisho."